Haispidi, kabaidi ya kuchomelea au tipu za kubadilisha: kipi kikae kwenye kerezo lako?

Mteja ameleta shafti ya mashine ya kusagia nafaka. Sehemu inayokaa beringi imelika, naye ameshaijaza kwa kuchomelea. Anataka uikereze kwenye kerezo, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata, irudi milimita 50 na aondoke nayo leo. Droo yako ina visu vya aina tatu: kipande cha haispidi (chuma cha kukatia kinachovumilia joto la kasi) ulichokinoa mwenyewe, kisu chenye kijisahani cha kabaidi kilichochomelewa kwa shaba au fedha, na shikio la kisasa linalofungwa kwa skrubu tipu, yaani kipande kidogo cha kabaidi, cha rangi ya dhahabu. Unachukua kipi?

Wengi huanza kwa kuuliza kipi kigumu zaidi. Jibu la swali hilo linajulikana: kabaidi. Kwa kipimo cha Vickers, haispidi iliyotiwa makali vizuri huwa kati ya 800 na 900, na kabaidi za kukatia chuma huwa kati ya 1,300 na 1,800 hivi. Lakini ugumu hauji bure. Kila unapouongeza unapunguza ushupavu, yaani uwezo wa kupokea kipigo bila kumeguka. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: mashine yangu na kazi yangu zinahitaji zaidi lipi kati ya hayo mawili?

Tuelewane kwanza kuhusu jina

Kwenye karakana nyingi kabaidi huitwa "tungsteni" tu, na ukisema "kabaidi" mtu wa gesi anadhani unazungumzia yale mawe yanayotiwa maji yatoe gesi ya kuchomelea. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ile ya mawe ni kabaidi ya kalisi. Ya kukatia ni unga wa kabaidi ya tungsteni ulioshikanishwa na kobalti.

Ukiwahi kuona zege unaielewa. Chembe za kabaidi ya tungsteni ndizo kokoto, kobalti ndiyo saruji. Unga huo hushindiliwa kwenye umbo, kisha hupikwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 1,400, kobalti inayeyuka na kuzibana chembe. Kipande husinyaa karibu moja ya tano ya urefu wake kinapopikwa, na kikitoka kina uzito wa kushangaza: sentimita moja ya ujazo ni gramu 14 hadi 15, karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo njia rahisi ya kuitambua dukani. Ishike mkononi, uzito utakuambia.

Kobalti hiyo, kwa sehemu kubwa, inachimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Tungsteni nyingi ya dunia inatoka China, ingawa Rwanda nayo inaichimba, pale Nyakabingo.

Vigezo tutakavyotumia

Vitano: kasi ambayo mashine yako inaweza kutoa, mshtuko wa kazi yenyewe, namna ya kurudisha makali, uso na vipimo unavyotakiwa kutoa, na gharama. Nimevipanga hivyo kwa makusudi. Kasi na mshtuko ndivyo vinavyoamua mengi. Gharama nimeiweka mwisho kwa sababu mtu akianza nayo huchagua vibaya.

Kasi na joto

Haispidi ilionyeshwa kwa ulimwengu kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, na watu walishangaa kuona ncha ikikata huku imewiva kwa wekundu. Hiyo ndiyo sifa yake: hushika makali hadi karibu nyuzi 600, ilhali chuma cha kawaida cha patasi hulegea kikipita 250 hivi. Kabaidi huvuka nyuzi 800 ikiwa bado inakata, na tipu zenye utando juu, ule wa rangi ya dhahabu au mweusi, husogea mbele zaidi.

Kwa chuma laini, kasi za kuanzia ni karibu mita 30 kwa dakika kwa haispidi, 100 kwa kabaidi ya kuchomelea, na 180 kwa tipu yenye utando. Zigeuze kuwa mizunguko: zidisha kasi kwa 1,000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Shafti ya milimita 50 inataka mizunguko 190 kwa haispidi, 640 kwa kabaidi ya kuchomelea na 1,150 kwa tipu. Ikiwa ni pini ya milimita 20, hesabu hiyo hiyo inakupa 480, 1,590 na 2,870.

Sasa tazama bamba la gia kwenye kerezo lako. Makerezo mengi ya zamani tunayotumia hayapiti mizunguko 1,000 au 1,200. Kwa pini ya milimita 20 kwenye mizunguko 1,000 unapata mita 63 tu kwa dakika. Hapo tipu ya gharama inafanya kazi chini ya uwezo wake, na lipo tatizo jingine: kwa kasi ndogo chuma hugandamana kwenye ncha, kisha hunyofoka na kuondoka na utando na kipande cha makali. Fundi anaona tipu imechakaa haraka, analaumu duka. Mara nyingi tipu ni nzima; mizunguko ndiyo iliyokuwa michache.

Kwa upande wa haispidi kosa huwa kinyume: kasi kubwa mno. Ncha inabadilika rangi kuwa samawati, inalegea, na inaanza kusugua badala ya kukata.

Mshtuko

Hapa haispidi inaheshimika. Inanama kidogo kabla ya kuvunjika, inavumilia kazi inayopiga na kuacha: shafti yenye mfereji wa kii (kipande kinachofunga puli kwenye shafti), chuma cha pembe sita kinachokerezwa kiwe duara, kazi isiyokaa katikati ya taya.

Niliwahi kuifanyia kazi shafti ya namna ile niliyoanza nayo, iliyojazwa kwa kuchomelea. Nilifunga tipu mpya, ngumu, ya kumalizia. Nilisikia mlio mmoja mkavu, na nilipoiangalia ncha kona yote ilikuwa imeondoka, imeacha uso wa kijivu unaong'aa kama sukari. Magamba ya kuchomelea yalikuwa bado juu, na chini yake palikuwa na vishimo. Kila mzunguko ulikuwa kipigo. Nilisaga magamba kwa greinda, nikafunga haispidi, nikashusha mizunguko hadi 90 na kuchukua milimita moja na nusu kila upande hadi nikafika chini ya ngozi ngumu. Baada ya hapo uso ulikuwa wa kuendelea, na tipu ya aina shupavu ilimaliza kazi vizuri.

Kisu cha kabaidi ya kuchomelea kiko katikati, lakini kina udhaifu wake. Kabaidi hutanuka kwa joto karibu nusu ya chuma kinavyotanuka. Kijisahani kinapochomelewa na kupoa, shikio la chuma linasinyaa zaidi na kukiacha kikiwa na mkazo ndani. Ufa mdogo unaweza kuwepo tangu dukani. Kipigo cha kwanza kinaumaliza. Ukichomelea mwenyewe, pasha moto shikio kutoka chini, usikielekezee mwali kijisahani, na ukimaliza kizike kwenye majivu makavu au chokaa kipoe polepole.

Tipu za kubadilisha hazina mkazo huo kwa kuwa zimefungwa kwa skrubu. Zinataka tu kukaa vizuri: kipande kidogo cha chuma kikibaki chini yake, tipu inaning'inia hewani na itavunjika hata kwa kazi laini. Futa kikalio kwa kidole kila unapogeuza ncha.

Mashine yenyewe nayo ina mshtuko wake. Beringi za kerezo zikiwa zimelegea au kiti cha kisu kikicheza, mtetemo hauonekani kwa haispidi lakini humegua kabaidi kidogokidogo. Kabaidi inataka mashine iliyokaza.

Kunoa na kubadilisha

Haispidi hunolewa kwa jiwe la kijivu lililopo kila mahali. Ukiwa na kipande cha nusu inchi na jiwe, una kisu cha kukata skrubu, cha kukatia vipande, cha umbo la mfereji wa mkanda, cha chochote. Kwa karakana inayopokea kazi tofauti kila siku, uhuru huu ni mkubwa kuliko watu wanavyoukadiria. Unachohitaji ni mkono uliofundishwa, na huo haupatikani dukani.

Kabaidi hailiwi na jiwe la kijivu. Inataka jiwe la kijani au la almasi. La almasi ni bora, ila usilipeleke kwenye chuma; chuma chenye moto huila almasi. Utaratibu ni kusaga kwanza shikio la chini kwa jiwe la kawaida ili lirudi nyuma ya kijisahani, kisha kunoa kijisahani peke yake. Na usikichovye kwenye maji kikiwa cha moto. Haispidi inavumilia tabia hiyo. Kabaidi hupasuka nyufa ambazo macho hayazioni.

Nasema jambo hili kwa uzito: vumbi la kunoa kabaidi lina kobalti, na kobalti hiyo ikiingia mapafuni pamoja na tungsteni inaweza kuleta ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Vaa barakoa ya vumbi laini, si kitambaa, na ukiweza noa kwa maji. Kijana anayejifunza asisimamishwe kwenye jiwe la kijani siku nzima bila kinga.

Tipu hazinolewi. Unalegeza skrubu, unageuza, unakaza, na ncha mpya iko pale pale ilipokuwa ya zamani. Ndiyo maana kazi ya vipande 200 vinavyofanana huwafaa watu wa tipu: vipimo havipotei. Tipu yenye pembe tatu iliyo na makali pande zote mbili ina ncha sita; ya pembe nyembamba iliyo na makali upande mmoja ina mbili.

Uso na vipimo

Haispidi inaweza kunolewa hadi ikate kama wembe, na ukiipitisha kwenye jiwe laini la mafuta itakuondolea sehemu mbili za mia za milimita bila kusugua. Kwa kuingiza beringi kwa kubana, hilo ndilo unalolitaka.

Tipu nyingi za kukatia chuma zimelainishwa makali makusudi ili yasimeguke. Ncha yake ina duara, tuseme milimita 0.8. Ukichukua ngozi ya milimita 0.1 unakuwa umesimama ndani ya duara hilo. Tipu inasukuma chuma, shafti nyembamba inakwepa, na kipimo kinatoka kinene katikati. Ama acha nyama ya kutosha kwa pigo la mwisho, theluthi mbili za duara hilo au zaidi, ama tumia tipu yenye duara dogo, 0.2 au 0.4, na makali yaliyosagwa. Tipu kali zinazouzwa kwa ajili ya alumini zinafanya kazi nzuri sana kwenye makerezo madogo, hata kwa chuma laini, ukiwa mpole nazo.

Kasi ikitosha, tipu inaacha uso unaong'aa ambao haispidi haiwezi kuufikia kwa muda huo huo. Kwa chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti, ngoma za breki kwa mfano, kabaidi yoyote ni bora: mchanga na ngozi ngumu ya nje hula makali ya haispidi kwa dakika chache.

Gharama

Haispidi ni ya bei ndogo na inaisha polepole kwa kunolewa. Kisu cha kuchomelea ni cha bei ya kati, na kinaongezewa gharama ya jiwe. Tipu zinahitaji shikio ambalo linauma mfukoni mara ya kwanza, kisha unalipia ncha. Gawanya bei ya tipu kwa idadi ya ncha, halafu gawanya tena kwa idadi ya kazi ncha moja inazomaliza. Mara nyingi hesabu hiyo inaishangaza karakana yenye kazi nyingi za namna moja. Kwa karakana ya kazi tatu kwa siku, saa iliyookolewa haina kazi nyingine ya kuijaza.

Tipu zilizoisha zihifadhi kwenye kopo. Kabaidi hurejelezwa, na ni chakavu chenye thamani kubwa kuliko chuma.

Ukishachagua kabaidi, soma herufi na namba

Kwenye kisanduku utaona herufi zenye rangi. P, ya samawati, ni kwa vyuma vya kawaida. M, ya njano, ni stenlesi. K, nyekundu, ni kasti. N, ya kijani, ni alumini na shaba. Tofauti si rangi tu. Kabaidi tupu ya tungsteni na kobalti hupenda kasti, lakini ikikata chuma kwa kasi, maranda ya moto yanayopita juu yake huiyeyusha kidogokidogo na kuchimba kishimo nyuma ya makali. Ndiyo maana aina za P huchanganywa kabaidi za titani na tantali zinazopinga hilo. Kisu cha K ukikipeleka kwenye chuma utakiona kishimo hicho kwa macho yako kabla ya jioni.

Namba baada ya herufi inasema upande wa mizani. P10 ni ngumu, kwa kumalizia kazi isiyopiga. P40 ni shupavu, kwa kazi mbaya. Fundi wa shafti zilizojazwa aanze na P30 au P40, asishawishike na namba ndogo kwa kudhani ni bora.

Nje ya kerezo: vipuri vya kusuguana

Kabaidi hii haikuzaliwa kwa ajili ya kukata chuma. Kampuni ya taa ya Osram, Berlin, ilikuwa ikivuta nyuzi za taa kupitia matundu ya almasi, na almasi ni ghali. Karl Schröter aliomba hataza ya mchanganyiko wa tungsteni na kobalti mwaka 1923 ili kupata mbadala wa matundu hayo. Baadaye Krupp waliuuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi".

Kwa vipuri, mizani ni ile ile na mwenye kuigeuza ni kiasi cha kobalti na ukubwa wa chembe. Tundu la kuvutia waya linataka kobalti kidogo, karibu asilimia 6, na chembe ndogo, kwa kuwa linasuguliwa tu. Kalibu ya kugonga vichwa vya misumari na boliti inapigwa mchana kutwa, kwa hiyo hupewa asilimia 20 au zaidi. Meno ya kutoboa mwamba hutumia chembe kubwa, ambazo huzuia ufa na joto la mwamba lisiimalize ncha. Pampu inayopitisha asidi ipewe kabaidi iliyoshikanishwa kwa nikeli, kwa sababu asidi huila kobalti.

Washindani wa kabaidi hapa ni chuma kilichotiwa ugumu na elektrodi za kujazia tabaka gumu. Nyundo za mashine ya kusaga ni mfano mzuri. Za chuma zinageuzwa kona nne kisha zinatupwa. Zilizojazwa tabaka gumu hudumu zaidi na fundi wa mtaani anaweza kuzirudishia. Zenye kabaidi hudumu kuliko zote kama mahindi ni safi. Jiwe moja au boliti ikipita, kabaidi inameguka na vipande vinakwenda kwenye chekeche. Kwenye kinu kisicho na sumaku mlangoni, mimi naweka chuma kilichojazwa.

Kwa hali yako

*Kerezo la zamani, mizunguko chini ya 1,000, kazi mchanganyiko:* haispidi iwe ya kwanza, na visu viwili vya kabaidi ya kuchomelea, kimoja P30 na kingine K20, kwa ngozi ngumu na kasti.

*Shafti zilizojazwa ndiyo mkate wako:* saga magamba, anza kwa haispidi yenye kobalti kwa kasi ndogo, maliza kwa tipu ya P30 au P40 ikiwa mashine imekaza.

*Ngoma na diski za breki:* K20. Ya kuchomelea inatosha ukiwa na jiwe la kijani. Tipu ikiwa magari ni mengi.

*Vipande vingi vinavyofanana, mashine yenye kasi na maji ya kupozea yanayotiririka bila kukatika:* tipu. Maji ya kumwagia mara mojamoja kwa kopo ni mabaya kuliko kukata kukavu, kwa sababu yanaipasua ncha kwa joto na baridi.

*Bushi za shaba na nailoni:* haispidi kali, au tipu za N zilizosagwa.

*Karakana inayofundisha vijana:* waanze na haispidi na jiwe la kijivu. Mtu aliyewahi kunoa pembe kwa mkono wake akapewa tipu baadaye anajua ni kitu gani kimebadilika kwenye ncha, na kwa nini imemeguka.

*Kerezo dogo la mezani:* tipu zenye pembe ya kukata iliyo wazi na duara la 0.2 au 0.4. Zile nene zenye makali pande mbili zinataka nguvu ya mota ambayo mashine hiyo haina.